Hasheem Thabeet: Mtanzania aliyetawala vikapu vya vyuo vikuu Marekani

HASHEEM Thabeet ni mwanavikapu kutoka Tanzania aliyeichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, nchini Marekani, kwa misimu mitatu kati ya mwaka 2006 na 2009. Katika kipindi hicho alizima mitupo 417 ya wapinzani, akatuzwa mara mbili kama mlinzi bora wa vyuo vikuu nchini humo na akaisaidia timu yake kutinga nusu fainali ya taifa. Mnamo Juni 25, 2009 alikuwa Mtanzania wa kwanza kuteuliwa kujiunga na ligi ya kulipwa ya NBA, tena katika nafasi ya pili.

Hata hivyo, jina lake likitajwa siku hizi huwa ni kwa sababu nyingine. Katika orodha za wachezaji waliovunja matarajio ya klabu zilizowateua, Thabeet hakosi. Wanaoziandika orodha hizo huhitaji kutaja majina mawili tu ili kukamilisha hoja yao: James Harden, aliyechaguliwa wa tatu mwaka ule, na Stephen Curry aliyechaguliwa wa saba. Ni kweli kwamba hakufua dafu NBA. Lakini hukumu hiyo imeifunika kazi aliyoifanya chuoni kiasi kwamba kijana anayeanza kuufuatilia mchezo huu leo anaweza kudhani kuwa Memphis walimwokota mtu mrefu barabarani. Haikuwa hivyo.

Thabeet alizaliwa Februari 16, 1987 jijini Dar es Salaam. Alianza kucheza mpira wa vikapu akiwa na umri wa miaka 15, wakati ambapo vijana wa rika lake nchini Marekani huwa tayari wameshatumia nusu ya maisha yao wakiudundadunda mpira. Jambo hili ni muhimu kuliko kimo chake, ambacho kilifikia futi saba na inchi tatu, yaani takriban sentimita 221. Kimo hakifundishwi, lakini mambo mengine yote katika mchezo huu hufundishwa: jinsi ya kuupokea mpira huku umempa kikapu mgongo, namna ya kusogeza miguu bila kuvunja kanuni, na wakati wa kuruka na wa kubaki chini. Hayo hujengeka polepole, mwaka baada ya mwaka, na Thabeet hakuwa na miaka hiyo.

Alipovuka bahari alipitia shule za majimbo ya California na Mississippi kabla ya kumalizia masomo ya sekondari katika shule ya Cypress Christian mjini Houston, Texas. Kutoka hapo alijiunga na Connecticut mwaka 2006.

Chuo hicho kipo Storrs, mji mdogo uliozungukwa na mashamba, mahali ambapo katika majira ya baridi hakuna jambo la kuwashughulisha watu zaidi ya vikapu. Kocha alikuwa Jim Calhoun, mzee mkali wa maneno ambaye wakati huo alikuwa ameshatwaa ubingwa wa taifa mara mbili, mwaka 1999 na 2004, na ambaye angeongeza wa tatu mwaka 2011. Thabeet aliikuta nyumba ikiwa tupu. Katika uteuzi wa NBA wa mwaka huo wa 2006, wachezaji watano wa Connecticut walikuwa wamechukuliwa kwa mkupuo, miongoni mwao Rudy Gay. Kikosi kilichobaki kilikuwa cha vijana wasio na uzoefu. Msimu wa 2006-07 ulimalizika kwa ushindi mara 17 na kushindwa mara 14, na timu haikualikwa hata kwenye mashindano ya taifa, aibu kubwa kwa chuo cha hadhi hiyo.

Kwa Thabeet binafsi, msimu huo ulikuwa wa kujifunza mbele ya hadhara. Alifunga wastani wa pointi 6.2 kwa mechi, kiwango cha kawaida mno. Upande wa ulinzi mambo yalikuwa tofauti kabisa. Alizima wastani wa mitupo 3.8 kila alipocheza, na hiyo ni hesabu ya mitupo aliyoigusa tu. Hakuna takwimu inayoonyesha ni wachezaji wangapi waliofika karibu na kikapu, wakamwona amesimama, wakageuka na kurudisha mpira nje.

Msimu wa pili alipanda hadi wastani wa pointi 10.5, ribaundi 7.9 na mitupo 4.5 iliyozimwa. Timu nayo iliamka, ikashinda mechi 24 na kupoteza tisa. Thabeet alitawazwa mlinzi bora wa jumuiya ya Big East, iliyokuwa wakati huo mojawapo ya jumuiya ngumu zaidi za vyuo nchini humo, pamoja na kupata tuzo ya taifa ya mlinzi bora kutoka kwa chama cha makocha. Mwisho wake, hata hivyo, ulikuwa mchungu. Katika raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa, Connecticut walilazwa na San Diego 70-69 baada ya muda wa ziada, siku ambayo kiongozi wao uwanjani, A.J. Price, aliumia goti vibaya. Wapo waliotarajia Thabeet aondoke kwenda NBA mwaka huo huo. Alirejea chuoni.

Msimu wa tatu, ule wa 2008-09, ndio unaostahili kukumbukwa. Price alikuwa amepona. Jeff Adrien alikuwepo kusaidia kupigania mipira chini ya kikapu, na Kemba Walker, ambaye miaka miwili baadaye angeiongoza timu hiyo kutwaa ubingwa, alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuoni. Katikati yao alisimama Thabeet, sasa akifunga wastani wa pointi 13.6 na kunyakua ribaundi 10.8 kila mechi, huku akizima mitupo 4.2. Mnamo Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzima mitupo 10. Kufikisha tarakimu mbili katika idara tatu ni jambo gumu, na ni gumu zaidi pale mojawapo ya idara hizo inapokuwa ya kuzima mitupo, kwa kuwa zipo timu nzima ambazo hazifikishi 10 katika mechi moja.

Ili kuelewa jinsi alivyowatesa wapinzani, ni lazima kwanza kuielewa kanuni moja. Katika NBA, tangu msimu wa 2001-02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo lililopakwa rangi mbele ya kikapu. Katika vyuo vikuu vya Marekani hakuna katazo hilo. Calhoun angeweza kumwambia Thabeet asimame pale, asitoke, na walinzi wa mbele wakawa huru kuwabana wapinzani kwa ujasiri wote, wakijua kwamba yeyote atakayewaponyoka atakutana na mikono ya Mtanzania. Timu nzima ilipangwa kumzunguka yeye. Mfungaji aliyezoea kupenya hadi chini ya kikapu alilazimika kutupa kutoka mbali, na kama hakuwa na shabaha, jioni yake ilikuwa imekwisha.

Kufikia katikati ya Februari 2009 Connecticut walikuwa wakishikilia nafasi ya kwanza nchini. Ndipo wakaja Pittsburgh.

Mechi hiyo ilichezwa Hartford mnamo Februari 16, siku Thabeet alipotimiza umri wa miaka 22. Pittsburgh walikuwa na DeJuan Blair, kijana mnene wa futi sita na inchi saba ambaye kwa kipimo cha wachezaji wa kati alikuwa mfupi. Mapema katika mechi wawili hao walipokuwa wakigombea mpira mikono yao ilinasana, na Blair akamrusha Thabeet juu ya bega hadi sakafuni kama mwanamieleka. Picha za tukio hilo zilizagaa kote. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet akaambulia pointi tano na ribaundi nne, na Pittsburgh wakashinda 76-68. Wiki tatu baadaye, Machi 7, wakashinda tena kwao nyumbani, 70-60.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba mechi ya Hartford ilieleza mengi zaidi kuliko tuzo zote. Ilionyesha udhaifu uliokuwa umefichwa na kimo: sehemu ya chini ya mwili. Mpinzani mzito aliyejishusha na kumsukuma kwenye mapaja na kiuno aliweza kumwondoa Thabeet pale alipotaka kusimama, na urefu wa mikono haumsaidii mtu aliyesukumwa mbali na kikapu. Katika vyuo, watu wenye umbo la Blair walikuwa wachache, hivyo udhaifu huo ulijitokeza siku mbili tatu tu kwa mwaka. Katika ligi ya kulipwa hukutana nao kila usiku. Tuzo ya mchezaji bora wa Big East msimu huo iligawanywa kati ya hao wawili, Blair na Thabeet.

Siku tano baada ya kushindwa Pittsburgh, Connecticut walijitosa katika mechi ambayo wapenzi wa vikapu hawataisahau. Ilikuwa robo fainali ya mashindano ya Big East katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, usiku wa Machi 12, 2009, dhidi ya Syracuse. Dakika 40 za kawaida zilimalizika 71-71. Ukaongezwa muda wa ziada, timu zikatoka sare. Ukaongezwa mwingine, hali ikawa ile ile, na hivyo hivyo hadi vipindi vya ziada vikafika sita. Katika vitano vya kwanza Syracuse hawakuwahi kuongoza hata kwa sekunde moja, wakisawazisha tu, na katika cha sita wakachomoka na kushinda 127-117. Ilikuwa imepita saa saba usiku. Thabeet alikuwa amefunga pointi 19 na kuchukua ribaundi 14 kabla ya kutolewa kwa kukamilisha madhambi matano, kama walivyotolewa wenzake kadhaa wa pande zote mbili. Nyota wa Syracuse, Jonny Flynn, alicheza dakika 67. Jina hilo litarejea.

Katika mashindano ya taifa Connecticut walianza kwa kuiponda Chattanooga 103-47 bila ya kocha wao, kwani Calhoun alikuwa amelazwa hospitalini siku hiyo. Kisha wakaziondoa Texas A&M, Purdue na Missouri, ushindi huu wa mwisho ukiwa 82-75. Walikuwa wakicheza bila Jerome Dyson, mfungaji hodari aliyeumia goti mwezi Februari, na pengo lake lilionekana walipofika nusu fainali mjini Detroit mnamo Aprili 4. Wapinzani wao, Michigan State, walikuwa karibu na nyumbani, mbele ya watu zaidi ya 72,000 katika uwanja wa Ford Field uliozoea mpira wa miguu wa Kimarekani. Thabeet alifunga pointi 17, lakini Michigan State walikimbia kila walipopata mpira ili wafike kwenye kikapu kabla hajarudi nyuma kusimama mlangoni. Mbinu hiyo ilifaulu, na Connecticut wakafungwa 82-73.

Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho akiwa mwanafunzi. Timu ilikuwa imeshinda mechi 31 na kupoteza tano. Katika historia ya chuo, aliyekuwa mbele yake kwa kuzima mitupo alikuwa Emeka Okafor pekee, mwenye 441. Alibakisha mwaka mmoja wa kucheza na hakuutumia.

Je, angepaswa kuutumia? Swali hili limejadiliwa sana, na wanaomlaumu husahau mambo mawili. Kwanza, mwaka 2009 mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kupata hata shilingi kutokana na jina lake. Chuo, televisheni na watengenezaji wa viatu walivuna, yeye akabaki na chumba, chakula na ada ya masomo. Ruhusa ya kunufaika na jina ilitolewa mwaka 2021, na kuanzia 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ingawa hata sasa wanafunzi wa kigeni wamekuwa wakikwama kwenye masharti ya viza. Pili, mchezaji aliyehakikishiwa nafasi za juu katika uteuzi huweka rehani mamilioni ya dola kila anaporudi uwanjani bila malipo, kwani goti moja tu likiteguka yote huyeyuka. Thabeet alikuwa amemshuhudia Price akianguka na Dyson akianguka.

Kwa upande mwingine, mifano ya Waafrika waliomtangulia inaelekeza kwenye subira. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alikaa mwaka wake wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Houston bila kucheza, kisha akacheza misimu mitatu kabla ya kuchaguliwa wa kwanza mwaka 1984. Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyefika Georgetown akinuia kuwa daktari, naye hakucheza mwaka wa kwanza, na alipoingia NBA mwaka 1991 alikuwa mtu mzima wa miaka 25. Hao ndio wa kwanza na wa pili katika historia ya NBA kwa kuzima mitupo, 3,830 na 3,289. Lakini pia yupo Okafor, Mmarekani wa asili ya Nigeria, aliyeondoka Connecticut baada ya misimu mitatu kama Thabeet, akachaguliwa wa pili kama Thabeet, na mwaka uliofuata akatuzwa kama mchezaji bora chipukizi wa ligi. Tofauti ni kwamba Okafor alikuwa ameucheza mchezo huu tangu utotoni. Mwaka mmoja zaidi Storrs pengine ungemwongezea Thabeet nguvu za miguu na utulivu wa kufunga. Ni vigumu kuamini kwamba ungemrejeshea miaka kumi ya utoto bila mpira mkononi.

Yaliyofuata yanasimulika kwa ufupi. Los Angeles Clippers walimchukua Blake Griffin, Memphis Grizzlies wakamchukua Thabeet. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ile ile, hivyo Mtanzania huyo akawa mtu wa benchi aliyecheza kwa wastani wa takriban dakika 13 kwa mechi, akifunga pointi 3.1. Mnamo Februari 2010 aliteremshwa kwenda Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa katika nafasi ya juu hivyo aliyekuwa amewahi kuteremshwa huko hadi wakati huo. Hebu fikiria: miezi kumi baada ya Detroit na mashabiki wake 72,000, alikuwa Bismarck, North Dakota, akijifunza upya mahali pa kusimama. Kanuni ya sekunde tatu ilikuwa imemnyang'anya makao yake chini ya kikapu. Alitakiwa aingie, atoke, aingie tena, amfuate mpinzani hadi mbali na kurudi mbio, na miguu haikuwa na kasi hiyo. Madhambi yakawa mengi, dakika zikapungua, na mchezaji asiyepata dakika hajifunzi.

Februari 2011 Memphis walimpeleka Houston Rockets. Machi 2012 Houston nao wakamkabidhi kwa Portland Trail Blazers ili wampate mkongwe Marcus Camby, na aliyefungashwa pamoja naye katika mpango huo alikuwa si mwingine ila Jonny Flynn, yule wa dakika 67, ambaye alichaguliwa wa sita mwaka 2009, nafasi moja mbele ya Curry. Miaka mitatu baada ya usiku ule wa New York, mashujaa wa pande zote mbili walikuwa nyongeza katika biashara ya mtu wa umri wa miaka 37.

Oklahoma City Thunder, alikojiunga Julai 2012, ndiko alikopata angalau utulivu. Msimu wa 2012-13 alicheza mechi 66 akiwasaidia wachezaji wa kati katika kikosi cha Kevin Durant na Russell Westbrook. Harden alikuwa huko huko Oklahoma alipowasili, lakini aliuzwa Houston Oktoba mwaka huo. Thabeet alibaki hadi 2014, alipohamishiwa Philadelphia na kuachiliwa. Kwa jumla alicheza mechi 224 za NBA, akiwa na wastani wa pointi 2.2.

Wengi wangeishia hapo. Yeye aliendelea. Msimu wa 2014-15 alirudi kwenye ligi ya maendeleo na Grand Rapids Drive. Msimu wa 2017-18 alikuwa Japani na Yokohama B-Corsairs. Msimu wa 2019-20 alijaribu tena Marekani na Fort Wayne Mad Ants, akiwa na umri wa miaka 32, miongoni mwa vijana waliokuwa shule ya msingi alipokuwa akizima mitupo Storrs. Kisha akaenda Taiwan, kwa klabu ya Hsinchu JKO Lioneers, msimu wa 2020-21. Baadaye alirejea nyumbani na kuvalia jezi ya Dar City, klabu ya jiji lile lile alikoushika mpira kwa mara ya kwanza akiwa kijana wa miaka 15.